Waya Uliogoma Juu ya Barafu

Kwa maneno yake mwenyewe, hapakuwa na mtu katika mtaa mzima wa Rayners Lane, huku London, aliyeijua barafu kama Masta. Shida ni kwamba barafu yenyewe haikupewa habari hiyo. Alikuwa na maelezo ya kila mchezo unaochezwa juu ya kitu cha baridi: kwa nini mwenye viatu vya chuma anateleza, kwa nini mwenye mbao ndefu miguuni hazami kwenye theluji, kwa nini yule binti wa kwenye televisheni akikunja mikono kifuani anazunguka mpaka uso hauonekani. Alieleza arusini, alieleza matangani, alieleza kwenye foleni ya duka la mboga karibu na stesheni huku mama wa watu ameshika bamia zake anasubiri kulipa. Lakini kukanyaga barafu kwa mguu wake mwenyewe, hilo hakulifanya hata siku moja.

Sote tulimwita Masta, wakubwa kwa wadogo. Alinifundisha fizikia Mombasa, kisha tukakutana tena London, maana mwaka ule wa sitini na nane nusu ya mtaa wetu ilipanda ndege kuwahi kabla Waingereza hawajatufungia mlango sisi Wahindi wa Afrika Mashariki. Kwao walisema Kigujarati, kwetu tulisema Kikachi, kwa hiyo mimi na yeye tulizungumza Kiswahili cha Mombasa, na Kiingereza alikiweka akiba kwa siku za kunidharau. Jina langu hakulishika kamwe. Baba yangu aliuza masufuria, basi mimi nilikuwa Binti Sufuria tangu nina miaka kumi na tano mpaka nikawa bibi wa watu. Nasaba yake waulizeni wanaopenda nasaba. Mimi nitasema niliyoyaona, na sitayapamba, kwa kuwa mwenyewe alijipamba vya kutosha.

Alitaka kitu kimoja tu duniani, na hicho lazima mkijue mapema: alitaka kurudi darasani. Huku walimwambia vyeti vyake havitambuliki. Aliandika barua, akaandika nyingine, akajibiwa kwa adabu zile za Kiingereza zinazokuacha hujui kama umekataliwa au umepongezwa. Mwisho akapata kazi kwenye uwanja wa barafu, kule watu wanakokwenda kuteleza Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta, kupokea viatu vya mtu na kumpa vile vya chuma. Mtu mwingine angeona haya. Masta alivaa tai, akapanga kalamu tatu mfukoni, akaifanya kaunta ile meza ya mwalimu.

Kila aliyekuja kuchukua viatu alipewa somo. Uzito wako wote, alisema, umesimama juu ya ukingo mwembamba wa chuma. Barafu inabanwa, ikibanwa inayeyuka, na wewe unateleza juu ya kijito cha maji usichokiona. Kisha humwuliza mteja kilo zake, ili ampigie hesabu ya mgandamizo pale pale. Aliwauliza wanaume, akawauliza wanawake pia, mbele ya waume zao. Bibi mmoja Mwingereza alikwenda kumshtaki kwa meneja, na meneja akamwambia Masta aulize saizi ya mguu tu. Masta alinisimulia kisa hicho kwa masikitiko makubwa, akasema ndiyo maana nchi hii inaporomoka.

Siku moja nilimpelekea chakula alichosahau mkewe kumfungia, nikamkuta meneja yuleyule anatembea kwenye barafu na viatu vyake vya mpira, soli pana tambarare. Akateleza, akaanguka chali. Nikamwuliza Masta, huyu naye mgandamizo wake uko wapi, na soli ile ni pana kama chapati? Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeingia na matope. Akasema hilo ni jambo jingine kabisa, la ufundi, lisilofaa kuelezwa kwa haraka. Maneno "sijui" hayakuwamo kinywani mwake. Nadhani aliyaacha Mombasa pamoja na fanicha.

Na Mombasa ndiko yalikoanzia. Kila mwaka, likifika somo la joto, Masta alimtuma mtumishi wa shule kiwanda cha barafu, kule wenye samaki walikonunua, akaletewa gogo zima limefungwa gunia na vumbi la mbao. Alilipandisha juu ya viti viwili, akapitisha waya mwembamba juu yake, na kila ncha ya waya akaning'iniza mawe ya mizani ya duka la mtu. Tukasogea tuone. Waya ukaanza kuzama katika barafu polepole, na kule ulikopita barafu ikajifunga tena nyuma yake, mpaka waya ukatokea chini, mawe yakaanguka sakafuni kwa kishindo, na gogo likabaki zima. Wallahi lilikuwa jambo la kupendeza. Wasichana wengine walipiga makofi. Masta aliinamisha kichwa kidogo kama mpiga gambusi aliyemaliza wimbo, akasema: "Uzito. Uzito tu."

Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa natoka jasho, sote tulikuwa tunatoka jasho, na waya ulikuwa wa shaba, na baba yangu muuza masufuria alinifundisha mapema kwamba shaba inakimbiza moto kuliko bati. Nikauliza, Masta, je, ni uzito unaokata, au ni joto la chumba linaingia kwa kupitia waya? Darasa likageuka kunitazama. Masta akaniambia nisimame nje barazani mpaka kengele. Baadaye nikahamishwa fizikia nikapelekwa kujifunza mapishi na kushona, na barua aliyoandika kwa baba ilisema akili yangu inapenda ubishi. Baba aliamini, maana alikuwa mtu wa kuamini barua. Basi badala ya fizikia nikajua kuoka keki, na keki zenyewe zilibonyea katikati.

Sitaki mfikiri nilimwonea kijicho. Yeye mwenyewe alitupa sababu za kumcheka kila msimu wa baridi. Mwaka wa kwanza theluji ilipokaa, watoto wa mtaa wetu wote walipanda kilima cha Harrow na masinia ya alumini waliyotoka nayo mama zao Afrika Mashariki, wakayakalia, wakashuka. Masta alisimama chini na saa mkononi. Alitangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mtoto mnene juu ya sinia kubwa atafika wa kwanza, kwa kuwa uzito utayeyusha theluji chini yake. Kikafika wa kwanza kitoto kimoja chembamba cha kike kilichokalia mfuko wa plastiki. Mtoto mnene alikwama katikati ya kilima, ikabidi aje kuvutwa. Nilitega sikio nisikie Masta atasemaje. Alisema theluji ya mwaka ule ilikuwa na kasoro.

Ndivyo alivyokuwa. Hesabu haikukosea, ila barafu ndiyo iliyokosea, na theluji, na Waingereza wanaoitunza. Michezo ya baridi ikionyeshwa kwenye televisheni alikuja kwetu, kwa kuwa yetu ilikuwa ya rangi, akakaa kwenye kiti cha mume wangu bila kuulizwa. Wale wanaoruka kutoka mlimani na mbao miguuni aliwakosoa mgongo. Wale wa kigari cha barafu aliwakosoa jinsi wanavyoinamisha vichwa. Kuhusu kuzunguka alipanda juu ya kiti cha piano cha jirani yetu, kile kinachozunguka, ameshika pakiti ya unga kila mkono, akamwambia mume wangu amsukume, kisha akavuta mikono ndani ili tuone kasi itakavyoongezeka. Iliongezeka kweli. Ilikuwa hesabu sahihi kabisa, na unga ulifika mpaka kwenye pazia.

Haki yake nimpe, kwa kuwa nikimnyima nitaonekana mwongo. Siku za barabara kuganda, sisi wengine tulikuwa tunaanguka hovyo njia nzima ya stesheni, Masta alitoka na soksi kuukuu za mkewe amezivisha juu ya viatu. Alitembea hivyo mbele ya watu wazima na tai shingoni, soksi moja nyekundu moja ya kijivu, na hakuanguka. Watu walicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Juma lililofuata nikavaa zangu, ila mimi nilizivua kabla ya kufika kazini.

Na Jumamosi asubuhi, kabla ya zamu yake, aliwasomesha watoto wa mtaa mzima kwenye meza yake ya kulia. Hakutaka kitu kwa mtu yeyote. Watoto walimjibu kwa Kiingereza, yeye akauliza kwa Kiswahili, na kati ya hizo lugha mbili kila mmoja alipita mtihani, hata mwanangu aliyekuwa mzito wa kuelewa. Nilimwuliza mwanangu anafundishwaje. Akasema Masta anafundisha vizuri sana ila hapendi kuulizwa. Nilisema nakubali, namfahamu.

Wakati huo mimi nilikuwa karani wa shule ya sekondari, si mbali na kwetu. Ikatokea mwalimu wa fizikia akaacha kazi katikati ya mwaka, na mwalimu mkuu akawa anahangaika. Nilimtajia Masta. Msiniulize kwa nini. Labda nilichoka kumwona nyuma ya kaunta ya viatu, labda mke wake aliniomba, yote mawili ni kweli. Mwalimu mkuu alikubali aje afundishe somo moja, yeye na mkuu wa sayansi wakiangalia. Likienda vizuri atashika darasa mpaka mwisho wa mwaka, na shule itawaandikia wenye mamlaka kuhusu vyeti vyake. Barua ya kumwita niliipiga taipu mimi mwenyewe.

Alikuja asubuhi ya baridi kali, siku ya tano ya jalidi mfululizo, mifereji imeganda na vifuniko vya chupa za maziwa vimeinuka. Alikuwa anasukuma gari la mtoto. Ndani yake, chini ya gunia, mlikuwa na gogo la barafu aliloligandisha katika debe la samli uani kwake. Waya alikuwa nao, mawe ya mizani alikuwa nayo, yaleyale, maana mtu huyu alitoka Afrika na masanduku mawili na katika moja aliweka mawe. Alikuwa amenyoa vizuri. Alivua glovu, akazivaa, akazivua tena, na kusitasita huko sikuwa nimewahi kukuona kwake.

Akaniuliza, kwa Kiswahili, chini chini ili mwalimu mkuu asisikie: "Binti Sufuria, wewe unaijua shule hii. Niweke ndani au nje?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka miwili kabla ya siku ile nilikuwa nimeshalipima jambo hili mwenyewe. Nilikuwa peke yangu nyumbani, nikagandisha maji kwenye sufuria, nikachukua waya wa shaba na pasi mbili za zamani za kupigia nguo. Jikoni, karibu na jiko, waya ulipita kama ulivyopita Mombasa. Uani kwenye jalidi, barafu sawa, pasi zilezile, waya ulikaa juu asubuhi nzima na haukuacha hata mkwaruzo. Uzito haukubadilika, joto ndilo lililokosekana. Sikumwambia mtu. Nilirudisha pasi kabatini, nikajisikia mtu mkubwa, na nikaendelea kuwa karani.

Kwa hiyo alipouliza ndani au nje, nilijua jibu kuliko mtu yeyote katika shule ile. Nikamwambia: "Nje, Masta. Ndani kuna mabomba ya joto, barafu itakuyeyukia mapema."

Alinishukuru. Akalipeleka gogo uani, akaliweka juu ya viti viwili, na watoto thelathini wakasimama duara wanapuliza vidole. Niliangalia kwa dirisha la ofisi yangu, jambo ambalo sikuwa na haja ya kulifanya. Alipitisha waya, akaning'iniza mawe, akaanza kueleza viatu vya chuma na kijito cha maji. Alieleza vizuri, watoto walisikiliza. Alieleza tena. Waya ulikaa juu ya barafu kama ulivyowekwa. Mkuu wa sayansi alitia mikono mfukoni. Masta akaongeza jiwe, kisha jingine, mpaka waya ukalia. Mvulana mmoja akasema, kwa heshima kabisa, "Sir, maybe it's too cold," kwamba labda baridi imezidi. Na Masta akamwambia akasimame ukutani.

Somo liliisha hivyo. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba barafu ya maji ya London ina chokaa nyingi. Mwalimu mkuu alisema labda, akamshukuru kwa kufika. Mkuu wa sayansi aliandika ripoti fupi, na ripoti hiyo pia nilipiga taipu mimi: kwamba jaribio halikufaulu, jambo linaloweza kumpata yeyote, lakini mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa swali zuri hafai kupewa darasa. Niliipiga taipu bila kosa hata moja. Masta alirudisha gogo kwenye gari la mtoto akalisukuma mpaka kwao, na Jumamosi alikuwa nyuma ya kaunta akiuliza saizi za miguu. Alikaa pale mpaka alipostaafu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa kile kwenye karamu, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nakiigiza, sauti ya Masta na yote, uzito, uzito tu. Sehemu ya ndani au nje niliiruka.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa mzee sana, mjane, amekaa chumba cha mbele na blanketi magotini. Mkwewe alinipokea, akatuwekea chai na kutuacha. Televisheni ilikuwa inaonyesha mashindano ya kuteleza, sauti imezimwa. Nilitarajia ataanza masomo yake, nikajiandaa kuchoka. Badala yake akaanza kuzungumzia siku ile ya shuleni. Akasema kila mtu alimwangusha, barafu, chokaa, yule mkuu wa sayansi, isipokuwa mimi. Mimi nilimtafutia nafasi na nikamwonyesha pa kuweka gogo lisimwagike maji. Akasema amekuwa akitaka kunishukuru kwa hilo.

Shukrani ile sikuweza kuimeza. Nikamwambia nilijua. Nikamweleza pasi mbili, jikoni na uani, waya uliopita na waya uliogoma. Nikamwambia ni joto, Masta, lilikuwa joto la Mombasa siku zote, na mimi nilikutuma nje nikijua.

Hakukasirika. Aliomba kipande cha karatasi, akachukua kalamu mfukoni, akapiga hesabu taratibu, eneo la waya, mawe, nyuzi za baridi. Ilimchukua muda mrefu. Aliifuta mara moja akaanza upya. Kisha akaiweka karatasi chini na kusema kwamba ni kweli, uzito ule haukutosha hata kidogo, na kwamba hesabu hii angeweza kuipiga mwaka wowote kama angetaka.

Nilipata nilichokitaka tangu nina miaka kumi na tano, na nikatafuta furaha yake mahali pote nisiione. Nikasema, kwa sauti ya ubishi hata mimi nikaisikia: "Lakini nilikuambia, Masta. Nilikuambia Mombasa, ukanitoa nje barazani."

"Mombasa uliniuliza," akasema. "Mtoto aliuliza, nikamfukuza. Hilo ni langu, nitakwenda nalo. Lakini pale shuleni hukuwa mtoto, wala hukuwa unauliza. Mimi ndiye niliyeuliza."

Nilikaa na kikombe mkononi. Kwenye televisheni binti mmoja alikunja mikono akazunguka, na hakuna kati yetu aliyemweleza mwenzake chochote. Mwisho nikamwomba radhi, maneno machache, vibaya vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Akanipigapiga mkono. "Radhi nimekupa, mwanangu," akasema. "Darasa ndilo sikulipata tena."